Waliokaa Kumbini

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni, vijiji vya Kilwa, Lindi, Mtama na Nachingwea huingia katika hesabu nyingine. Wenye watoto waliofikia umri huulizana nani yuko tayari mwaka huu, mtama umetoka magunia mangapi, mganga wa zahanati atapatikana lini, na ofisi ya kijiji itatoa kibali cha siku ngapi. Ni msimu wa jando na unyago. Masika yamekwisha, kipupwe kinavuma, chakula kipo ghalani, na kidonda cha mtoto hukauka upesi kuliko wakati wa joto. Asiyeingia Juni husubiri Desemba, fedha za korosho zikishalipwa na familia ikimudu kununua kanga mpya, mchele, na kukodi spika za muziki.

Historia ya makambi ya jando na unyago inafaa kusomwa upya sasa, na sababu yake ni afya ya vijana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na sonona ni miongoni mwa yanayotangulia. Marekani na Ulaya zimejaribu njia nyingi za kuwasaidia, na mojawapo ni kambi ya likizo. Kambi ya kale ya namna hiyo inayotajwa sana ni ile ya mwalimu Frederick Gunn, aliyewapeleka wanafunzi wake porini huko Connecticut mwaka 1861. Mwaka 1988 mwigizaji Paul Newman alifungua katika jimbo hilohilo kambi ya watoto wenye maradhi mazito. Siku hizi zipo kambi za watoto waliofiwa, na za vijana wenye sonona na wasiwasi. Mpango wake ni uleule: kijana anatolewa nyumbani kwa muda, anawekwa na wenzake wa rika moja, anapewa mtu wa kumtazama, kisha anarudishwa kwao.

Wazee wa Kimwera, Kimakonde, Kiyao na wa Kilwa Kivinje wangeutambua mpango huo bila kufafanuliwa. Wao na babu zao wameufuata tangu kabla mtu yeyote hajauandika.

Mmoja wa waliouandika mapema alikuwa Karl Weule, mtafiti wa makumbusho ya Leipzig, aliyeshuka bandari ya Lindi mwaka 1906 akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, na mashine ya filamu. Hakuwa amekusudia kuja kusini. Safari yake ilipangwa kuelekea Irangi na Iraku, lakini kule kulikuwa na ghasia dhidi ya Wajerumani, na serikali ikamwelekeza bara ya Lindi. Sehemu kubwa ya nchi ya kusini ilikuwa imetoka kuvunjwavunjwa. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, na kabla ya mwaka kwisha misheni za Nyangao na Masasi zilikuwa zimeshambuliwa. Jeshi la Kijerumani lilijibu kwa kuchoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliona kwamba idadi halisi ilikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Mwaka mmoja tu baada ya moto huo, Weule alikuta unyago unachezwa. Alikaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha akapanda nyanda za Newala kwa Wamakonde, akinasa nyimbo na kupiga picha za wari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Ameandika kwa dharau ya Mzungu wa zama zile, na aliwaweka mbele ya kamera wasichana ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa. Jambo hilo linaudhi hadi leo ukizitazama picha zenyewe. Hata hivyo kazi yake ina ushahidi mkubwa ambao hakuutilia maanani: katika nchi iliyopungukiwa na watu, chakula na amani, wakubwa waliona malezi ya vijana hayawezi kuahirishwa.

Miaka 3 kabla ya Weule, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa ameshachapisha *Desturi za Wasuaheli*, na humo ameyaeleza jando na mambo ya mwari kama mwenyeji anayeeleza kwao. Wasomi waliokuja baadaye, akiwamo J. A. R. Wembah-Rashid, aliyeandika mwaka 1975 juu ya makabila ya kusini mashariki yanayofuata ukoo wa mama, waliongeza mengi. Tukiunganisha habari hizo na zile zinazosimuliwa vijijini, mwendo wa kumbi, yaani kambi ya jando, unaonekana vizuri.

Kumbi lilijengwa msituni, mbali ya kutosha ili kilio cha mtoto kisimfikie mama yake. Wavulana waliingia wengi kwa pamoja, mdogo akiwa na miaka 8 au 9, mkubwa akiwa ameanza kuota ndevu. Ngariba alifanya kazi yake, halafu zikafuata wiki, na zamani hata miezi, za kukaa. Walilala kando ya moto uliowaka usiku kucha, wakaoshwa vidonda kwa dawa za majani na mizizi, wakafundishwa nyimbo na mafumbo ambayo asiyepita kumbini asingeweza kuyajibu. Chakula kilipikwa na akina mama kijijini, kikabebwa mpaka mahali palipowekwa mpaka, kikaachwa hapo. Mama hakuvuka. Nyumbani nako baba na mama walishika miiko yao: wasikutane kimwili, na kwa wengi wasitie chumvi katika chakula, kwa imani kwamba wakiivunja kidonda cha mtoto hakitapona. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa msituni alifikiriwa nyumbani kila mlo ulipopakuliwa.

Kazi ya kutwa kucha haikuwa ya wazee. Wazee walikuja kwa mafunzo na kwa mambo mazito, lakini aliyechota maji, aliyechochea moto na kuketi na mtoto anayelia usiku alikuwa kijana aliyetoka jandoni misimu michache nyuma. Maumivu yale alikuwa bado anayakumbuka.

Siku ya kutoka, vichwa vilinyolewa, vibanda vikachomwa moto, na wari wakaondoka bila kugeuka. Walivaa nguo mpya, na kwa Wayao na Wamakua walichukua majina mapya. Kuanzia siku hiyo waliokaa pamoja walikuwa watu wa jando moja, na udugu huo ulihesabiwa hadi uzeeni, katika kulima, kuoa na kuzikana.

Kwa msichana mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Akivunja ungo aliwekwa ndani, akakabidhiwa kwa mwanamke mmoja, kungwi wake, ambaye pwani huitwa pia somo. Juu ya makungwi wote alikuwapo nyakanga, aliyeongoza unyago wenyewe pale wari walipokusanywa. Mafunzo yalitolewa kwa nyimbo, kwa michezo ya kuigiza, kwa vinyago na kwa mizungu yenye maana iliyofichwa: hedhi na usafi wake, mwili wa mwanamume, adabu kwa wakwe, uzazi. Mama mzazi hakuyasema hayo kwa mwanawe, ilikuwa aibu. Kwa sababu hiyo somo hakumaliza kazi siku mwari alipotolewa nje. Alikuwapo kwenye ndoa yake. Alikuwapo kwenye uzazi wa kwanza. Binti akigombana na mumewe, au akiwa na jambo linalomkaa kifuani asilothubutu kulipeleka kwa mama, mlango wa kwanza kubisha ulikuwa wa somo.

Katika historia nzima ya makambi haya, hapo ndipo penye kiini. Ngoma na kumbi lenyewe ndivyo vilivyowavutia watu wa nje, vikapigwa picha na kuandikiwa vitabu. Mtu mzima mmoja aliyepewa kijana mmoja, akabaki naye baada ya kambi kuchomwa, hakupigwa picha, kwa kuwa hakuna cha kupiga: ni mwanamke anayemtembelea mwanamke mdogo jioni, wakaongea.

Makambi haya hayakuwa hospitali, na itakuwa kosa kuyapamba. Kisu kimoja kilipita kwa watoto wengi, na wapo waliovuja damu au kuoza vidonda wakafa. Palikuwa na fimbo, vitisho na matusi ya makusudi, kwa hoja kwamba maisha ni magumu na mtoto ayazoee. Mwari alifundishwa kunyamaza: alishwe, aimbiwe, aambiwe, macho chini. Mary Ntukula na wenzake, katika kitabu *Chelewa, Chelewa* cha mwaka 1994, walionyesha jinsi mafunzo ya unyago yalivyokuwa yakimkuta msichana wa shule katika umri ambao hayamsaidii, yakimweleza ndoa kabla hajawa na uwezo wa kuikataa. Mtoto aliyeingia kumbini na huzuni yake hakuulizwa habari ya huzuni hiyo. Kumbi lilimpa wenzake na lilimpa mkubwa wake. Nafasi ya kusema halikumpa.

Lakini lilikuwa na jambo moja ambalo kambi za leo za vijana wenye sonona zinahangaika kulipata. Hakuna aliyepelekwa kumbini kwa kuwa ana kasoro. Waliingia wote, mwana wa mkuu na yatima, mchangamfu na mkimya, na aliyetoka hakubandikwa jina la ugonjwa. Aliyezidiwa na huzuni mpaka akaacha kula, asilale, asiseme na watu, alikuwa na njia nyingine pwani: alipelekwa kwa mganga, ikasemwa ana pepo au shetani, ikachezwa ngoma ya kumpunga. Mtoro amezieleza ngoma hizo pia. Huko mgonjwa alikaa katikati, jamaa wakamzunguka, na pepo wake akaulizwa anataka nini. Huenda ndipo mahali pekee ambapo mwanamke kijana aliweza kudai kitu kwa sauti, naye akapewa.

Kisa cha somo kina upande wake wa majonzi, nao unapitia Kilwa. Kisiwa cha Kilwa Kisiwani, ambacho Ibn Battuta alikisifu alipopita mwaka 1331, kilikuwa kimekwisha kufifia karne ya 19, na biashara ilihamia bara, Kilwa Kivinje. Katika miaka ya 1860 Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia watumwa kwenda Unguja. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua, Wangindo na watu wa Ziwa Nyasa, na wengi walikuwa watoto na wanawake vijana. Walipandishwa majahazini bila mama, bila mjomba, bila ukoo. Sultani Barghash alitia saini mwaka 1873 mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini, lakini waliokwisha kuvuka hawakurudi.

Huko walikofika walijenga upya walichokumbuka. Unyago wa Unguja una ngoma, nyimbo na maneno ya watu wa kusini, na mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliufundisha kwa muda mrefu wa maisha yake marefu. Mombasa nako, Margaret Strobel aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1979 jinsi wanawake wa asili ya utumwa walivyokuwa ndio makungwi, wakiwa na vyama vyao na vyeo vyao. Mtu aliyenyang'anywa jamaa zake wote alianza kuwapata tena kwa kumpata somo, kisha kwa kuwa somo wa mwingine. Kati ya yote yaliyovuka maji kutoka Kivinje, hili ni la kuheshimiwa sana.

Bara ya Lindi, mabadiliko yalikuja kwa njia ya dini. Jando la pwani, lenye sura ya Kiislamu, lilipanda bara na kuchukua nafasi ya desturi nyingine. Kwa Wayao lilishika mahali pa lupanda, jando lao la zamani. Felicitas Becker, katika utafiti wake uliotoka mwaka 2008 juu ya Uislamu wa kusini, anaonyesha jinsi vijiji vilivyosilimu polepole, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na jinsi walimu wa vijijini walivyobishana kuhusu ngoma gani ibaki na ipi iondoke. Mahali pengi tohara ilibaki, dua ikaingia, na baadhi ya vinyago vikatupwa.

Wamisionari walikuwa na mabishano yao. Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa watu waliokombolewa utumwani, nayo chini ya Wajerumani ilikuwa katika eneo lililotawaliwa kutoka Lindi. Wamisionari wengi walitaka jando lipigwe marufuku kabisa. Padri Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliona wanaokoma kulicheza hadharani watalicheza kwa siri, au watoto watabaki bila malezi yoyote. Mwaka 1913 aliandaa jando la Kikristo. Nyimbo alizoziona za aibu ziliondolewa, sala zikaingia kambini asubuhi na jioni, wakuu wa ukoo wakabaki na sehemu yao, na padri akakaa msituni na wavulana. Terence Ranger, aliyelichunguza jambo hilo mwaka 1972, alionyesha kwamba Waafrika wa Masasi, makasisi na wazee, walikuwa na mkono mkubwa katika kuamua kipi kibaki. Kwa kambi za vijana hilo lilikuwa funzo: unaweza kubadili wimbo, dawa na kisu, ukaacha muda na watu.

Dayosisi hiyohiyo ilimleta mwaka 1935 daktari kijana kutoka Uingereza, Leader Stirling. Alianzia Lulindi, akaja baadaye Mnero, wilaya ya Nachingwea, akipasua wagonjwa kwa vifaa haba, na akiwa huko aliupenda uskauti kuliko kawaida ya mtu kupenda shughuli ya kando. Akawa raia wa Tanzania, Waziri wa Afya kati ya 1975 na 1980, na kwa miaka mingi Skauti Mkuu wa nchi. Uskauti wenyewe ulianza kwa kambi moja ya wavulana wapatao 20, kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, mwaka mmoja baada ya Weule kupita Lindi. Na mwanzilishi wake, Baden-Powell, alichota mengi katika yale aliyoyaona kusini mwa Afrika. Kijana wa Kimwera aliyevaa skafu na kulala porini kwa zamu za moto hakuona jambo geni sana.

Wakati wa Stirling kumbi lilikuwa linaanza kupungukiwa na siku. Mashamba ya mkonge ya Lindi, kama Kikwetu, yalihitaji vijana. Kuanzia mwaka 1947 mpango wa karanga wa Nachingwea uliwakusanya maelfu kwa mshahara. Baba aliyekuwa kibaruani hakuweza kumngoja mwanawe msituni miezi 3. Baada ya uhuru zikaja shule: elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, sekondari za kata miaka ya 2000, na elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016. Jando likabanwa ndani ya likizo. Ngariba alimpisha mganga wa zahanati, na hilo ni jema lisilo na ubishi, kwa kuwa kisu kichafu kiliwaua watoto. Serikali za vijiji na wilaya zikaanza kudai vibali, kupunguza siku, kuzuia sherehe wakati wa masomo, na kuwaonya makungwi wasifundishe watoto wa shule mambo ya ndoa, hasa mimba za utotoni zilipokuwa zinahesabiwa na kutangazwa.

Kilichobaki imara ni sherehe. Kadi za mwaliko, michango, sare za kanga, muziki mpaka alfajiri, watoto wakibebwa mabegani huku wakimwagiwa noti. Familia inaweza kutumia pato la korosho la msimu mzima kwa siku 2. Wale wanaolalamikia gharama wana haki, ingawa mara nyingi wanaangalia fedha na kusahau upungufu mkubwa zaidi. Kungwi anakodiwa kwa wiki moja, analipwa, anaondoka. Somo aliyekuwa wa maisha amekuwa wa mkataba.

Na pengo hilo limefunguka wakati uleule ambapo vijana wengi zaidi wanaishi mbali na kwao. Shule ya kata ikiwa mbali na kijiji na bweni halitoshi, mwanafunzi wa miaka 14 au 15 hupangishiwa chumba karibu na shule: geto, godoro, jiko la mkaa, debe la unga linaloletwa mwisho wa mwezi. Huko ni kutolewa nyumbani kwa muda mrefu kuliko kumbi lolote la siku hizi, bila mkubwa wa kumtazama. Akianza kukosa usingizi, akiacha kula, akipoteza hamu ya mpira au kwaya aliyoipenda, akawa mkali kwa jambo dogo, na hali ikaendelea zaidi ya wiki 2, dalili za sonona zipo na hakuna anayezihesabu. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani ataona maksi zimeshuka. Mwenye nyumba ataona taa haizimwi.

Afrika Mashariki imekwisha kujifunza mengi kuhusu kitakachomsaidia kijana huyo, na ushahidi wenye uzito mkubwa umetoka katika kambi ya huzuni kabisa. Wakati wa vita vya waasi wa Lord's Resistance Army kaskazini mwa Uganda, Waacholi wengi walikuwa wakiishi katika kambi za waliohamishwa. Katika kambi 2, Awer na Unyama karibu na Gulu, Paul Bolton na wenzake walichukua vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waliokuwa na dalili za sonona, wakawagawa makundi 3. La kwanza lilikutana kila wiki kwa wiki 16 kuzungumza, chini ya kiongozi aliyefundishwa, juu ya kufiwa, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha. La pili lilipewa michezo, ngoma, sanaa na maigizo. La tatu lilingoja zamu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kundi la mazungumzo lilipata nafuu, hasa wasichana. Kwa wavulana tofauti ilikuwa ndogo. Michezo peke yake haikupunguza sonona.

Msomaji wa Lindi ana sababu ya kulitafakari tokeo hilo, kwa kuwa linagusa kile tulichobaki nacho. Ngoma tumebaki nayo, na imeongezewa spika. Kilichowafaa wasichana wa Gulu ni kile ambacho somo alikuwa anakitoa jioni, bila ngoma, baada ya kila mtu kurudi kwake: mtu anayejua kusikiliza, wakati uliopangwa, na ruhusa ya kusema. Kuhusu wavulana, tokeo hilo ni onyo. Wao ndio waliokuwa na wiki nyingi za kukaa na wanaume na vijana waliowatangulia, na sasa wamebaki na sindano ya ganzi, bendeji na siku chache za nyama. Anayefikiri mvulana hahitaji somo ajiulize jando lilikuwa refu kwa sababu gani, wakati kidonda hupona ndani ya wiki chache.

Huko Moshi, mpango wa Sauti ya Vijana umefanya kazi na vijana wanaoishi na VVU, ambao wengi wao wamefiwa na wazazi na wanabeba siri nzito shuleni. Wanakutana kwa vikao 10 vya kikundi. Katika vikao 2 walezi wao huja pia, na kila kijana hupata mazungumzo 2 ya faragha. Mwaliko wa walezi ni jambo la kuangaliwa, maana unamrudisha kijana kwa watu wake huku tayari wamekwisha kumsikia. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri walikwenda katika shule za sekondari na vikao 4 tu, cha saa moja kila wiki, na katika jaribio la wanafunzi 413 waliokuwa na dalili nyingi za sonona au wasiwasi, lililochapishwa mwaka 2021, dalili zilipungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa waliofundishwa stadi za masomo.

Viongozi wa vikundi hivyo hawakuwa madaktari wa akili. Moshi walifundishwa vijana wakubwa kidogo kuliko wale wanaowaongoza. Kenya walichukuliwa wahitimu wa sekondari waliomaliza shule karibuni, wakapewa mafunzo ya muda mfupi na mtu wa kuwasimamia, na yule aliyezidiwa akapelekwa kwa wataalamu. Ni rika lilelile lililokuwa likichota maji, kuchochea moto na kukaa na wari usiku katika makumbi ya Mtama na Kilwa. Na vijiji vya mkoa wa Lindi vinao vijana hao kila Juni na kila Desemba, wamekuja nyumbani likizo, wanajua nyimbo, na wadogo zao wanawaamini.